Jumamosi Tisa za Regula Zaugg

Postikadi yangu ilifika mwezi wa nne, imeandikwa kwa wino wa buluu na mtu asiyependa kupoteza nafasi: "Nils. Chuo umekiacha katikati. Kozi hii ni Jumamosi tisa tu, hata wewe utaimaliza. Anza Jumamosi hii, saa saba mchana, uwanja wa shabaha. Regula."

Haikuwa na stempu. Aliyeiandika ndiye mpeleka barua wetu mwenyewe. Aliitumbukiza kwenye sanduku letu, halafu akapiga kengele na kusubiri mlangoni mpaka niisome mbele yake.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona matusi."

"Basi umeisoma yote."

Akapanda pikipiki yake ya njano ya magurudumu matatu, ile ya umeme isiyotoa sauti, akaondoka kama mtu aliyekwisha kulipa. Ndivyo Regula Zaugg anavyobishana. Anasema lake, halafu anakuachia mgongo.

Hapa Hubelegg hakuna nyumba asiyoijua. Kwa miaka ishirini na tisa amepeleka barua mashambani, hadi zile nyumba za juu kabisa ambako ng'ombe ni wengi kuliko majirani. Anajua nani kapata mtoto, nani kashindwa mtihani, nani anaagiza viatu na kuvirudisha kila wiki. Ni mfupi, ana mabega ya mbeba magunia, na sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Ujanani mwake kuziba masikio uwanjani kulionekana ni uoga, naye hakutaka kuitwa mwoga. Ndiyo maana leo, kabla hujagusa bunduki, anapita nyuma yako na kusukuma viziba masikio vyako kwa kidole mpaka ubongo ukae upande.

Alipokuwa na miaka kumi na sita, klabu yetu ya shabaha haikuwa na msichana hata mmoja. Wasichana waliuza soseji. Regula akauza soseji majira mawili ya joto. Majira ya tatu, siku ya Shabaha ya Wilaya, siku ambayo kila kijiji kinapiga na kila mtu anakaribishwa, akaacha soseji kwenye moto, akaenda kulala kwenye mkeka namba nne akiwa bado amevaa aproni, akasema, "Nipeni risasi kumi na nane kama wengine." Wazee wakacheka. Alipomaliza hawakucheka tena, maana alikuwa amewapita wote isipokuwa wawili. Aproni hiyo bado imetundikwa kwenye chumba cha klabu, na doa la haradali liko palepale.

Sasa, mwezi ule wa nne, barua ya kuufunga uwanja huo ilipita mikononi mwake. Aliipeleka mwenyewe kwenye sanduku la klabu, akalizunguka sanduku, akaifungua, maana ufunguo anao yeye, anayefundisha vijana wa klabu. Halmashauri ya kijiji iliandika kwamba vijana wanaozidi kupungua hawahalalishi uwanja mzima. Ikifika mwisho wa mwezi wa sita bila vijana wanane waliomaliza kozi, mkutano wa kijiji utaombwa uufunge, na atakayetaka kulenga shabaha atashuka mjini kwa basi, dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi. Mwaka uliotangulia vijana walikuwa watatu. Na mmoja alikuja kwa ajili ya soseji.

Regula hakuitisha kikao. Alinunua postikadi.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa saba. Nilikuwepo mimi. Walikuwepo Simea na Jorin, ndugu wawili kutoka shamba la Wüthrich, wenye mikono kama makoleo. Na wengine wanne, kila mmoja na postikadi yake mfukoni, kila mmoja ameguswa panapouma. Simea aliandikiwa, "Kaka yako anasema huwezi." Jorin aliandikiwa, "Dada yako anasema huwezi." Waligundua wakiwa njiani.

Nilidhani tutapiga siku hiyohiyo. Wapi! Jumamosi mbili nzima hatukuona hata risasi moja. Tulijifunza kulala kifudifudi, kupumua, kutopumua, kufagia, na kubeba bunduki ambayo kile chuma chake cha ndani kimetolewa. Chuma hicho anakaa nacho Regula, kwenye mkoba wake wa zamani wa posta. Bila hicho bunduki ni fimbo nzito tu.

"Hii ni kozi ya shabaha au ya usafi?" nikamuuliza nikiwa na ufagio mkononi.

"Ukipiga kama unavyofagia, Nils, tutaanza kuwaonya walio nyuma yako."

Kitu kimoja alikirudia kila Jumamosi, na alikisema polepole kuliko vingine. "Uwanjani kuna neno moja kubwa kuliko mimi. Acha. Yeyote akilisema, mtoto, mgeni, muuza soseji, kila mtu anaondoa kidole, anatoa risasi, anaweka bunduki chini. Hatuulizi kwanza. Tunaacha, ndipo tunauliza."

Tulikuwa saba, basi, na barua ya halmashauri ilitaka wanane.

Wa nane alikuwa Abirami. Alikuwa na miaka kumi na saba, amezaliwa hospitali ya bondeni, anaongea lafudhi yetu kuliko hata mimi. Alipokea postikadi iliyosema, "Una mikono iliyotulia, nimeiona ukibeba trei." Wikendi alisaidia jikoni kwenye nyumba ya wazee, ambako baba yake, Bwana Sivakumar, ni mpishi mkuu. Alitaka kuja. Ila chini ya miaka kumi na minane inahitajika sahihi ya mzazi, na mzazi akasema hapana.

Regula alikuwa anapeleka barua pale jikoni kila siku saa nne asubuhi. Abirami ndiye aliyetusimulia yaliyotokea, akiigiza sauti zote mbili.

"Habari za asubuhi, Bwana Sivakumar. Barua tatu. Na ile karatasi?"

"Habari za asubuhi, Bibi Zaugg. Karatasi ni hapana."

"Sawa. Kesho."

Kesho yake, "Barua moja. Na ile karatasi?"

"Bado ni hapana, Bibi Zaugg. Chukua keki."

Wiki mbili hivyo. Regula akanenepa kidogo. Siku moja mpishi akaweka kisu chini. "Bibi Zaugg, wewe ni mtu mwema, basi nikwambie. Nilikotoka niliisikia sauti ya bunduki miaka kumi na miwili. Nilijua ni ya aina gani, iko mbali kiasi gani, nani anakufa. Nilikuja huku juu ili nisiisikie. Na kila Jumamosi naisikia kutoka kwenye uwanja wenu, nafunga dirisha. Sasa unataka mwanangu ndiye aipige?"

Abirami alisema ule ndio ulikuwa wakati pekee aliowahi kumwona Bi Regula akitafuta pa kuweka mikono yake. Mwishowe Regula akasema, "Sikuombi usaini. Naomba uje Jumamosi moja, usimame nyuma ya mstari. Ukiona kitu usichokipenda, sema acha. Neno moja tu. Tutaacha."

"Mtaacha."

"Tutaacha."

"Kwa sababu mimi nimesema."

"Kwa sababu umesema."

Akaja, Jumamosi ya tatu, amevaa koti lake la sikukuu. Siku hiyo ndiyo tulipewa risasi kwa mara ya kwanza, tena mikeka mingine ilikuwa na wakubwa wa klabu, akiwemo mwenyekiti wa kijiji, Fankhauser, aliyeweka sahihi kwenye ile barua. Bwana Sivakumar alisimama nyuma yetu, mikono mgongoni, uso umefungwa kama dirisha lake. Mlio wa kwanza ukamtikisa mabega. Wa pili, wa tatu. Halafu, hakuna kilichotokea, hakuna ng'ombe wala mtu wala ndege, akasema, "Acha."

Hakusema kwa nguvu. Regula akalirudisha kwa sauti ya kuvunja vioo: "ACHA!"

Mikeka kumi ikanyamaza. Risasi zikatolewa, bunduki zikalala. Fankhauser, ambaye alikuwa na mapigo mazuri kuliko yote ya mwaka ule na amebakiza moja tu, akatoa kidole, akafungua, akaweka chini, akageuka kusubiri. Tulisikia kengele za ng'ombe wa mlima wa pili.

Mpishi akatutazama mmoja mmoja. Mwishowe Regula akauliza, "Umeona nini?"

"Sijaona kitu," akasema Bwana Sivakumar. "Nilitaka kuona kama ni kweli."

Nikasubiri mtu amfokee. Mimi mwenyewe nilikuwa na maneno mawili matatu tayari. Fankhauser akakuna kidevu, akasema tu, "Sauti iwe juu kidogo siku nyingine. Mimi mzee, nilikaribia kukosa kusikia."

Mpishi akatoa kalamu kwenye koti lake la sikukuu. Kabla ya kuandika alimwambia Regula, na tulisikia wote: "Kule, Bibi Zaugg, sijawahi kuona bunduki iliyonyamaza kwa sababu mpishi amesema."

Akasaini. Regula akampa mkono. "Uwanjani hapa hakuna bibi wala bwana. Mimi Regula."

"Mimi Siva."

"Basi, Siva, Jumamosi ijayo uje tena. Nahitaji mtu wa kusimama hapo nyuma. Hawa wengine wote wanataka kupiga."

Tangu hapo tulikuwa wanane; mafunzo ya Jumamosi alizokosa, Abirami aliyapata jioni za wiki ile. Abirami alikuwa na mikono iliyotulia kweli, na ulimi usiotulia. Jumamosi ya tano mimi nilipiga shabaha ya jirani. Usicheke. Shabaha ziko mita mia tatu, zimepangwa mstari, kila moja na namba yake, na jua likiwa machoni sita inafanana na saba. Pigo langu zuri kuliko yote maishani likaingia kwenye shabaha ya Abirami, kwa hiyo kwangu ikawa sifuri.

"Asante, Nils," akasema. "Siku ya kuzaliwa kwangu ni mwezi wa kumi, lakini nimepokea."

Tulifika Jumamosi ya nane wote wanane. Ya tisa ilikuwa Shabaha ya Wilaya yenyewe, na hapo kozi inakamilika kwa risasi kumi na nane, zote, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili uwanja unanyamaza. Hiyo ni ahadi ya klabu kwa kijiji tangu enzi za babu yangu, na hakuna aliyewahi kuivunja hata kwa dakika.

Na kila mwaka tunaipanga siku hiyo mwezi wa sita, kana kwamba hatujawahi kuona majani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo. Jumamosi ya tisa ikapambazuka bila wingu hata moja. Mtu yeyote mwenye ng'ombe hapa anajua maana yake. Majani yakatwe, yageuzwe, yaingie ghalani kabla mvua haijarudi, na hakuna harusi wala mazishi yatakayokutoa shambani. Saa saba mchana tulikuwa sita uwanjani. Simea na Jorin hawakuonekana.

Regula akampigia simu baba yao. Tulisikia upande wake tu. "Ndiyo. Naona jua, Wüthrich, na mimi nina macho. Sikuombi watoto. Nauliza umebakiza ekari ngapi." Akakata simu. Akatutazama. "Viziba masikio wekeni hapa. Tunakwenda kugeuza majani."

"Sote?" nikauliza.

"Wewe utabeba mdomo wako, sisi tutabeba reki."

Tukapanda mlima. Regula, Siva na vijana sita, tukaingia kwenye mteremko mkali ambao hata trekta linauogopa. Siva alivua lile koti la sikukuu na kulitundika kwenye uzio. Mzee Wüthrich alitukodolea macho kama amekuta posta imefungua tawi shambani kwake. Tulikokota, tukasukuma, tukapakia. Mara moja tu tulisimama kwa mkate, jibini na sharubati ya tufaha, tukaendelea. Regula alikuwa na miaka hamsini na minane, na mimi wa miaka ishirini ndiye niliyeomba kupumzika.

"Pumzika," akaniambia, hajasimama. "Uwanja ukifungwa utapumzika kila Jumamosi."

Nikaokota reki.

Saa kumi na nusu mzigo wa mwisho uliingia ghalani. Tukashuka mbio, majani kwenye nywele, majani kwenye soksi, Jorin anapiga chafya. Saa kumi na moja kasorobo tulikuwa kwenye mikeka. Mikeka iliyobaki wazi ilikuwa miwili, kwa hiyo tulipiga wawili wawili. Simea na Jorin walianza, wakamaliza, wakaendelea kubishana nani amemshinda nani. Wengine wakafuata. Mimi nilihesabu namba ya shabaha mara tatu kabla ya kila pigo, kwa sauti, mpaka jirani yangu akaniomba ninyamaze. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na nane wa saba alikuwa amemaliza, na Abirami akalala kwenye mkeka namba nne.

Muda ulitosha. Alipiga sita za kwanza, moja moja, bila haraka. Sita zilizofuata akazipiga vizuri zaidi. Siva alikuwa nyuma yake, ameshika mikono mgongoni, midomo inatembea. Zilibaki sita. Saa ya ukutani ilionyesha kasoro dakika tisa.

"ACHA!"

Safari hii alisema kwa sauti. Fankhauser aliyekuwa nje anakula soseji aliisikia. Abirami akatoa kidole, akafungua, akaweka bunduki chini, akamgeukia baba yake.

"Appa! Sasa hivi?"

Siva akanyoosha mkono. Chini ya kilima cha shabaha, ng'ambo ya kizuizi cha kamba chenye bendera nyekundu, alikuwa anatembea mtu mwenye fimbo mbili na kijibwa. Mtalii wa bondeni, amevaa kofia ya bei mbaya, ameinama chini ya kamba kana kwamba kamba ile ni ya kuanikia nguo. Sisi wote tulikuwa tunatazama shabaha. Siva ndiye pekee aliyekuwa anatazama pembeni.

Mmoja wa wazee akapiga honi. Mtu yule akatupungia mkono. Kijibwa kikakaa chini, hakitaki kwenda. Akakibembeleza. Akakibeba. Akasimama kupiga picha ya mlima. Nilimtukana matusi ya wilaya tatu. Kasoro dakika nne. Kasoro tatu. Alipotoka ng'ambo ya pili ya kizuizi na bendera ya kuruhusu kupandishwa, ilikuwa kasoro moja. Abirami akalala tena, akakaza kitako cha bunduki begani, akavuta pumzi.

Kengele ya kanisa ikagonga.

"Acha," akasema Regula.

"Regula, risasi sita tu!" nikapiga kelele. "Dakika moja! Nani atajua?"

"Kila mtu kijijini ana masikio. Hata mimi nina moja." Akachukua mkoba wa posta, akatoa chuma cha ndani cha bunduki ya Abirami, akakitia humo, akaufunga. Halafu akajaza fomu mbele ya Fankhauser kwa ule mwandiko wake wa buluu. Saba, wamemaliza. Mmoja, risasi kumi na mbili kati ya kumi na nane, amesimamishwa kwa usalama. Akasaini. Abirami alikuwa analia kwa hasira, na Siva amesimama kando yake hajui aombe radhi au la.

"Usithubutu," Regula akamwambia Siva. "Ungenyamaza, ningeufunga uwanja huu kwa mikono yangu."

Mkutano wa kijiji ulikaa wiki ya mwisho ya mwezi huo kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule. Fankhauser akaisoma barua ya halmashauri, akasoma na fomu, akasema wazi kwamba barua ilitaka wanane na waliomaliza ni saba. Akauliza kama yupo wa kusema. Regula alikaa safu ya tatu, mikono mapajani. Yake alikuwa ameshayaandika.

Aliyesimama alikuwa Siva, raia mpya wa mwaka mmoja, na hajawahi kuongea kwenye mkutano. Alisema, "Mimi ndiye niliyemzuia wa nane. Nilikuja kijiji hiki kukimbia bunduki. Hapa nimeziona zikinyamaza mara mbili kwa neno langu. Mara ya kwanza bure, mara ya pili mtu akaenda nyumbani na mbwa wake. Nataka watoto wenu wote wajifunze kuacha namna ile. Mjini kwa basi sijui nani atasimama nyuma yao." Akakaa.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Wa kuufunga, kumi na tisa. Wa kuuacha wazi, Fankhauser alihesabu mara mbili, mkono wake mwenyewe ukiwa juu: themanini na moja. Kwa sharti, akaongeza, kwamba mwakani wapatikane wanane kweli.

"Kumi," akasema Regula kutoka safu ya tatu. Kikao kizima hilo ndilo neno pekee alilosema.

Kozi ya mwaka huu imeanza Jumamosi iliyopita. Wamekuja kumi na moja. Mmoja ana miaka kumi na mitano na amekuja na mama yake, anayetaka kujua kama na yeye anaruhusiwa. Abirami amerudi kudai risasi zake sita. Bunduki zimelala mezani, vyuma vya ndani viko kwenye mkoba. Siva amesimama nyuma ya mstari, na safari hii hakuvaa koti la sikukuu.

Regula hakuwapa ufagio kwanza. Amewapanga mstari, anapita mmoja mmoja, kila mtu alitamke lile neno. Yule wa miaka kumi na mitano akalisema kama anamnong'oneza paka.

Regula akamgeuzia sikio la kushoto. "Sijasikia. Na huku nje kuna mtu na mbwa wake. Tena."

"Acha."

"Tena!"

"ACHA!"

Kule juu kwa Wüthrich ng'ombe wakainua vichwa.

"Huyo," akasema Regula. "Anayefuata."